Kisangani: Kabla ya kupiga msasa shingo ya gitaa la zamani

Mjini Kisangani, magitaa kavu ya zamani yaliyobaki katika familia yanapotea kwa njia mbili. Mengine yanapasuka kwa unyevu, gundi inaachia, na mwisho watoto wanachezea mbao zake. Mengine yanapelekwa kwa seremala ili yatengenezwe, na yanarudi nyumbani na shingo inayong'aa kama mguu wa kiti kipya. Hasara ya kwanza kila mtu anaiona. Ya pili watu wanailipia, na wanashukuru.

Gitaa kavu ni lile lisilohitaji umeme: tumbo la mbao lenye tundu, shingo ndefu, nyuzi sita. Shingo ndiyo inayochakaa mapema kwa sababu ndiyo inayoshikwa. Mkono wa kushoto unapanda na kushuka juu yake kila siku. Jasho lenye chumvi linalainisha verni, pete inaikwaruza, kucha inaibandua, hadi siku moja mbao yenyewe inaonekana. Baada ya miaka ishirini au thelathini mahali hapo pamekuwa laini na peusi kama mpini wa jembe la bibi. Mwenye gitaa anaona uchafu. Anasema gitaa limezeeka, linamtia aibu mbele ya wageni, lipakwe rangi.

Kupaka au kutopaka linaonekana swali dogo. Lakini ndani yake imo habari ya namna muziki ulivyofika katika mji huu, habari ya msitu unaouzunguka, na hata habari ya Kiswahili kinachosemwa Makiso na Kabondo.

Gitaa lilipanda mto

Gitaa liliingia Kongo kwa mlango wa Atlantiki, kule Boma na Matadi, mikononi mwa mabaharia na makarani kutoka pwani ya Afrika Magharibi waliokuja kufanya kazi kwa wazungu. Kutoka huko lilipanda mto. Kati ya Leopoldville na Stanleyville, kama Kinshasa na Kisangani zilivyoitwa wakati wa Wabelgiji, kuna zaidi ya kilometa 1,700 za maji, na meli ilitumia siku nyingi njiani. Siku nyingi kwenye meli ni nafasi nzuri ya kujifunza nyuzi sita.

Mmoja wa waliofanya kazi kwenye meli za mto huu alikuwa Antoine Kolosoy, aliyezaliwa mwaka 1925, fundi wa mashine na bondia, ambaye Kongo nzima ilikuja kumjua kwa jina la Wendo. Mwaka 1948 alirekodi "Marie-Louise" pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane kwenye studio ya Ngoma, ambayo Mgiriki Nico Jeronimidis alikuwa ameifungua Leopoldville. Wimbo ulipendwa mno, hata watu wakasema ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu. Mapadri hawakucheka. Inasimuliwa katika habari za maisha yake kwamba Wendo alilazimika kuondoka Leopoldville, na kwamba alionja jela ya Stanleyville kwa muda. Ikiwa ni hivyo, basi moja ya mambo ambayo mji wetu uliifanyia rumba ilipokuwa changa ni kumfungia ndani mwimbaji wake.

Upande wa kusini, Katanga, gitaa kavu lilikuwa linasema Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akarekodi "Masanga". Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada, na bado anayesikiliza kwa mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mtaalamu David Rycroft alilazimika kuandika makala ndefu mwanzoni mwa miaka ya 60 kueleza vidole hivyo viwili vinafanya nini.

Mwenda alipata bahati ya mashine ya kurekodi. Wengi wa kizazi chake hawakuipata. Walipiga kwenye matanga, kwenye arusi, katika vibanda vya pombe karibu na gati, kwenye kambi za wafanyakazi wa reli iliyofunguliwa mwaka 1906 kutoka hapa hadi Ponthierville, Ubundu ya leo. Majina yao hayapo kwenye sahani yoyote. Walichoacha ni alama za mikono yao kwenye mbao.

Na mbao zenyewe zimebaki chache. Gitaa kavu lililokuwepo Stanleyville siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, na ambalo bado lina shingo yake leo, limepita katika vita vya 1964, likapita katika uporaji wa miaka ya 90, likapita katika zile siku sita za Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya mitaa yetu. Watu walikimbia na watoto, sufuria na magodoro. Aliyebeba gitaa alikuwa na sababu yake. Chombo kilichopona yote hayo sasa kinaweza kufutwa mchana mmoja na kipande cha msasa.

Alama zinasema nini

Anayejua kusoma shingo anaigeuza kwanza, aone mgongo wake. Kama verni imekwisha karibu na kichwa tu, kwenye freti tatu za kwanza (freti ni vile vyuma vidogo vinavyolala kukingama shingo), mwenye gitaa hilo alikuwa mpigaji wa mtindo wa zamani, aliyekaa chini kabisa mwa shingo na kuacha nyuzi tupu zilie. Kama njia ya mkono inaendelea hadi freti ya saba, ya tisa, ya kumi na mbili, huyo alikuwa amekwisha sikia rumba ya magitaa ya umeme, akatafuta sauti za juu. Mara nyingine njia zote mbili zipo kwenye shingo moja, ile ya chini ikiwa nyeusi zaidi kwa umri. Hapo inaonekana jinsi mtu mmoja alivyobadilika, au jinsi gitaa lilivyotoka kwa baba kwenda kwa mtoto.

Ukingo wa juu wa shingo ukiwa umeliwa, gumba la kushoto lilikuwa linapanda kushika uzi mnene. Walimu wa gitaa wa Ulaya hukataza jambo hilo. Huku kwetu lilikuwa kawaida. Na kama kuna vijishimo viwili vyembamba pembeni mwa shingo, vikielekeana, huenda ni kazi ya kalamu ya risasi. Wapigaji wengi wa gitaa kavu hawakuwa na fedha za kununua kibanio cha kupandishia sauti, kwa hiyo walilaza kalamu juu ya nyuzi na kuifunga kwa uzi au mpira nyuma ya shingo. Uzi ule ukikazwa kila jioni kwa miaka, mbao inakubali.

Wakongo walibuni pia namna yao ya kufunga nyuzi, ile inayoitwa mi-compose: uzi wa nne, ambao kwa kawaida ni mnene, unaondolewa na badala yake unawekwa uzi mwembamba unaolia juu zaidi. Uzi mwembamba unakula freti kwa namna yake, mstari mkali kama wa wembe, tofauti na alama pana ya uzi uliozungushiwa waya. Freti zikibadilishwa zote bila kuangaliwa, ushahidi huo unaingia kwenye pipa la takataka.

Walokele wa kando ya mto hawahitaji kuambiwa haya. Lokole, ngoma yao ya mbao inayopeleka habari, ina midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini, na fimbo zinaipiga palepale mwaka baada ya mwaka. John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyechapisha kitabu juu ya ngoma hizi mwaka 1949, alieleza kwamba maneno ya lokole yanategemea tofauti ya sauti hizo mbili, nazo zinatokana na unene wa midomo. Ukiupiga randa mdomo ili upendeze, lokole itaanza kusema mambo mengine. Hakuna Mlokele mwenye akili anayefanya hivyo.

Sandarusi

Kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe, litazamwe kopo ambalo fundi analifungua. Hapa tunaita verni. Waswahili wa pwani wanaita vanishi. Kabla ya maneno hayo mawili ya wageni, Kiswahili kilikuwa na neno sandarusi, na neno hilo lilikuwa na thamani ya fedha.

Sandarusi ni utomvu wa mti uliokauka hadi kuwa mgumu kama kioo. Katika karne ya 19 sandarusi iliyopita Unguja ilihesabiwa kuwa bora kuliko nyingine zote duniani. Haikukatwa kwenye miti. Ilichimbwa ardhini kwenye pwani ya Mrima, mahali ambapo miti yenyewe ilikufa zamani na utomvu wake ukabaki chini ya udongo. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Marekani, waliinunua kwa wingi, wakaisafisha kwao, na ikaishia kwenye verni ya magari ya farasi ya matajiri. Utomvu mbichi, ule wa kutoka mtini, ulikuwa wa bei ya chini, na Waswahili waliuita chakazi. Wazungu walilisikia vibaya neno hilo, wakaligeuza kuwa neno lao la punda dume, na kwa miaka mingi bidhaa hiyo iliuzwa Ulaya kwa jina la punda.

Njia za biashara zilizounganisha Unguja na bara ndizo zilizoleta Kiswahili hapa. Mwaka 1887 Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el Murjebi, alikubaliana na Stanley huko Unguja awe gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Leopold. Watu wake walikuja kutafuta pembe, na walikuja na utumwa. Hilo halisahauliki hapa. Lakini pamoja na hayo walileta lugha, na katika lugha hiyo neno la verni lilikuwa limo tayari.

Baadaye ikawa zamu ya Kongo. Katika misitu yenye maji ya Equateur na ya Ziwa Leopold II, ambalo sasa ni Mai-Ndombe, unaota mti ambao wataalamu wanauita Guibourtia demeusei. Utomvu wake unaanguka, unazama kwenye tope na kukaa humo miaka. Watu waliutafuta kwa fimbo ndefu yenye ncha ya chuma. Walisimama ndani ya maji wakidunga tope, na mkono ulipohisi kitu kigumu, waliinama kukitoa. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupata fedha ya kodi, na kodi haikuwa ya hiari. Kati ya vita viwili vya dunia Kongo ya Ubelgiji ikawa muuzaji mkubwa wa kopali, kama Wabelgiji walivyouita utomvu huo. Ulikwenda Ulaya na Marekani, ukayeyushwa kwenye moto wa zaidi ya digrii 300 ndipo ukubali kuchanganyika na mafuta, ukapakwa kwenye samani, milango, na sakafu za nyumba ambazo aliyesimama majini asingeziona kamwe. Baada ya Vita vya Pili viwanda vya kemia vilitengeneza utomvu wao, na biashara ya kopali ikafifia.

Magitaa ya viwandani mara nyingi yalipakwa vitu vingine. Ya zamani zaidi yalipakwa gomu-laka, ambayo ni uchafu wa mdudu mdogo wa India na nchi jirani, ukiyeyushwa kwenye alkoli. Kisha ikaja nitroselulosi, iliyosambaa miaka ya 20 baada ya kampuni ya DuPont kuuza rangi ya magari iliyokauka kwa saa badala ya siku. Viwanda vya gitaa vilifuata njia ya viwanda vya magari. Tangu miaka ya 60 imekuja verni ya plastiki, poliyurethani na ndugu zake, ngumu, nene, isiyojali jasho. Fundi anayetaka kugusa shingo lazima kwanza ajue ana nini kati ya hizo tatu. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Mbao yenyewe

Shingo nyingi za gitaa kavu duniani ni za mahogani au mbao inayofanana nayo. Mahogani ya Amerika ilipoanza kuwa ngumu kupatikana, viwanda vilitazama Afrika ya Kati: acajou ya kwetu, sipo, sapelli. Leo mtu anaweza kununua gitaa jipya Brussels au Chicago likiwa na shingo ya sapelli, mti unaoota Tshopo. Lori la magogo linalotikisa nyumba za kando ya barabara usiku limebeba, pamoja na milango na sakafu, shingo za magitaa ambayo hayatarudi huku ila kwa bei ya dola.

Na wataalamu wa mbao hizo wako karibu. Yangambi, kilometa mia moja hivi kushuka mto, Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1933, INEAC, ambacho sasa ni INERA. Kuna huko mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ambao ni miongoni mwa mikubwa ya Afrika ya Kati, na miaka ya karibuni imefunguliwa maabara inayosoma mbao kwa darubini. Mtu anayetaka kujua kama shingo ya babu yake ni sapelli, acajou au afrormosia, ule mti wetu ambao biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1992, yuko jirani na watu wanaoweza kumjibu.

Kazi yenyewe

Sasa shingo iko mezani. Kitu cha kwanza hakihusu rangi: ipigwe picha, mbele, nyuma na pembeni, kwenye mwanga wa asubuhi unaokuja kwa mshazari, maana ndio unaoonyesha vishimo. Simu ya kawaida inatosha. Kwenye karatasi iandikwe nani alilipiga, wapi, lilinunuliwa kwa nani. Mzee anayejua majibu hayo akiondoka, msasa hautakuwa na kosa tena, kwa maana hakutakuwa na cha kufuta.

Kisha usafi. Sehemu kubwa ya weusi wa shingo ni uchafu tu: jasho, moshi, mafuta ya chakula. Kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni kidogo kinatoa mwingi. Hata makumbusho ya Ulaya husafisha vitu vya thamani kwa pamba iliyoloweshwa mate, kwa sababu mate huyeyusha uchafu bila kuumiza verni, na ni ya bure. Mara nyingi mwenye gitaa akiona shingo imesafishwa anagundua hakuhitaji rangi.

Kama mbao bado inakwaruza mkono, au iko wazi kabisa na inanywa unyevu, hapo kuna kazi. Tone moja la alkoli liwekwe mahali pasipoonekana, karibu na kisigino ambapo shingo inaungana na tumbo. Verni ikilainika na kunata, ni gomu-laka. Isipojali, lijaribiwe tone la ile dawa ya kuyeyushia rangi za magari. Ikilainika, ni nitroselulosi. Isipojali vyote viwili, ni plastiki, na ni afadhali kuiacha ilivyo na kushughulika na palipobanduka tu.

Msasa, ukihitajika, uwe laini kabisa: namba 400, kisha 600. Ule mkavu wa kusugulia milango usikaribie. Inafaa kukumbuka kwamba msasa ulikuwa jina la mti kabla ya kuwa karatasi ya dukani: majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani walilainishia mbao kwa majani hayo, polepole, kwa mkono. Upole huo ndio unaotakiwa hapa. Ubao wa vidole ufunikwe kwa utepe. Mkono ufuate urefu wa shingo, usikate kukingama, na kazi ifanyike kwenye ukingo tu, pale verni ya zamani inapokutana na mbao tupu, ili vidole visihisi ngazi. Umbo la shingo lisiguswe. Mashine ya umeme ya kusugulia ibaki kwenye sanduku lake. Dakika mbili za mashine hiyo zinaondoa kile ambacho mkono uliondoa kwa miaka arobaini, tena mahali pasipo sahihi, na anayelipiga baadaye anahisi ameshika gitaa la mtu mwingine.

Kwa mbao iliyo wazi, gomu-laka ndiyo rafiki mkubwa. Ni nyembamba, inashika juu ya karibu kila kitu, na fundi wa kesho anaweza kuiondoa kwa alkoli bila kuumiza cha chini yake. Inapakwa kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa pamba ndani, kilichoguswa kidogo tu na dawa, kikipita na kupita kama anayefuta jasho la mtoto mwenye homa. Tabaka sita nyembamba ni bora kuliko moja nene. Tatizo la Kisangani ni hewa. Tuko karibu kabisa na ikweta, na hewa yetu ina maji mwaka mzima. Alkoli inapokauka inapoza mbao, unyevu unaganda juu yake, na gomu-laka inageuka nyeupe kama maziwa. Januari na Februari, mvua zinapopungua, ndiyo miezi ya kazi hii. Na hata hapo ni saa za adhuhuri jua likiwa kali, si jioni, na si siku ambayo wingu linajenga ng'ambo ya Lubunga.

Duniani kuna watu waliochagua njia hiyohiyo ya kuhifadhi bila kufuta. Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani, amelipiga gitaa moja tangu 1969 hadi mkono wake ukalitoboa tundu la pili tumboni. Fundi wake wa Texas halizibi. Analipaka verni juu ya uchakavu uleule, ili usiendelee. Wakati huohuo kampuni ya Fender, tangu miaka ya 90, inauza magitaa mapya yaliyokwaruzwa kiwandani yaonekane ya zamani, na yanauzwa ghali kuliko yasiyokwaruzwa. Mtu wa Mangobo mwenye shingo iliyochakaa kwa haki, na mkono wa mjomba wake ndani yake, anamlipa seremala amwondolee.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Kinshasa walisherehekea, na walikuwa na haki. Orodha hiyo inalinda namna ya kupiga na kucheza. Shingo zenyewe ziko kwenye vyumba vya watu, juu ya makabati, na hazina mlinzi zaidi ya mwenye chumba.

Jambo moja zaidi, kwa sababu linafanyika sana. Wapo wanaosugua shingo kwa mafuta ya mawese ili ing'ae. Inang'aa, siku mbili. Mawese ni mafuta yasiyokauka: yanabaki yananata kwenye mbao, yanavuta vumbi, na verni yoyote itakayopakwa juu yake baadaye haitashika. Anayetaka mafuta atumie yale ya kitani yanayouzwa na wauza rangi, ambayo hukauka, tone kidogo kwenye kitambaa, kisha yafutwe yote. Na kitambaa hicho kianikwe wazi nje, maana kikikunjwa na kuachwa kinaweza kuwaka chenyewe.

Gomu-laka ikishapakwa, gitaa litundikwe wiki mbili bila kuguswa, mahali penye hewa, mbali na ukuta wa jikoni. Nyuzi zirudishwe moja moja, zikazwe chini ya sauti yake kwa siku mbili za kwanza, maana shingo iliyokaa bila nyuzi imesahau uzito wake.